Usifomati Kwanza: Niliyojifunza Ngara na Biharamulo

Riziki yangu kwa miaka mingi imetoka kwenye kompyuta za watu wa Ngara na Biharamulo: za shule za sekondari, zahanati, ofisi za kata, vyama vya msingi vya kahawa na vibanda vya kuchapa barua. Karibu zote ni za mtumba. Nyingine zina vibandiko vya ofisi za Ulaya ambazo hakuna mtu wa huku atakayezifikia. Nyingine, hasa nilizozikuta mwanzoni, zilikuwa na vibandiko vya mashirika yaliyokuja kuhudumia wakimbizi baada ya mwisho wa Aprili 1994, pale Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na Benaco, huku wilayani Ngara, ikageuka mji kwa usiku mmoja. Kambi zilipofungwa, baadhi ya vifaa vikabaki mikononi mwetu, vikiwa vimechoka lakini vizima.

Mafundi wengi tulijifunza kazi kwa dawa moja: mashine ikigoma kuanza, ipige Windows upya. Unachomeka flashi, unafuta kila kitu, unasakinisha, unapokea hela yako, unaondoka. Naandika haya kwa sababu nimeona dawa hiyo ikiteketeza kazi za watu, na mara nyingi ugonjwa wenyewe haukuwa kwenye Windows hata kidogo. Mashine iliyogoma kuanza huwa imesimama mahali fulani, na mahali hapo panajulikana ukitulia kupatafuta. Atakayepatafuta kabla ya kufuta ataokoa mengi.

Mazingira yetu yenyewe yalinilazimisha kujifunza hivyo. Kabla gridi ya taifa haijafika, Ngara mjini na Biharamulo mjini ziliwashwa na jenereta za dizeli za TANESCO, na umeme ulikuwa na ratiba yake. Leo maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana, lakini wakati ule umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, kazi ilianza moja. Intaneti ya kupakua mfumo endeshi mzima haikuwepo shuleni. Na kutoka Ngara unateremka Benaco, unapita Nyakahura na Lusahunga, ndipo unashika njia ya Biharamulo. Kuna miaka mabasi yalisindikizwa na polisi kwenye mapori ya huko. Ukisahau faili moja, hurudi kulichukua jioni. Kwa hiyo kubahatisha kulikuwa kunagharimu siku, nauli na uvumilivu wa watu.

Kisa kilichonifundisha kuliko vyote kilitokea katika shule moja ya sekondari wilayani Biharamulo. Maabara yao ilikuwa na mashine za mezani za aina moja, za mtumba, zenye Windows 7. Mwalimu wa TEHAMA akaniambia, "Fundi, kila tukifunga shule hizi zinakufa. Tukifungua, anakuja mtu anazipiga upya, zinafanya kazi muhula mzima. Likizo ikifika, zinakufa tena." Nikamuuliza zinakufa vipi. "Zinaandika maandishi meupe kwenye rangi ya bluu, zinazima, zinajiwasha, zinarudia." Na alama za wanafunzi? Akanyamaza kidogo. Alama za majaribio ya mihula iliyopita zilikuwa zimekwenda na kila kufomati, na walimu walizinakili upya kutoka kwenye daftari, wale waliokuwa bado na daftari.

Nikawasha moja. Kabla ya ile bluu, kioo kilitoa ujumbe mfupi ambao watu wote walikuwa wakiupita kwa kubonyeza F1: saa haijapangwa. Nikaingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya ubao mama inayotangulia Windows, nikakuta tarehe ya miaka ya nyuma kabisa, kabla shule yenyewe haijapata maabara. Halafu nikairuhusu iendelee hadi kwenye bluu na nikaisoma: namba iliyoishia na 7B. Namba hiyo ina maana moja, kwamba Windows imeanza kupakiwa lakini imeshindwa kuifikia diski ambamo yenyewe inaishi.

Mambo hayo mawili yalitosha kueleza kila kitu. Ndani ya karibu kila kompyuta ya mezani kuna betri ya duara, CR2032, ya volti 3, inayotunza saa na, kwenye mashine kama zile, mipangilio ya BIOS wakati umeme umezimwa. Betri za maabara ile zilikuwa zimekufa. Muhula ukiendelea na swichi za ukutani zikiachwa zimewashwa, mipangilio ilibaki kwa sababu ubao mama ulipata chembe ya umeme. Likizo ikifika, mlinzi anazima swichi kuu kama alivyoagizwa, na mipangilio inarudi ya kiwandani. Kiwandani, mashine zile zilipangwa ziwasiliane na diski kwa mtindo wa RAID. Aliyesakinisha Windows alibadilisha kuwa mtindo mwingine, AHCI, na Windows 7 ilipokuwa inasakinishwa ikaandaa draiva ya AHCI peke yake. Mipangilio iliporudi RAID, Windows ikawa haina draiva ya kuizungumzia diski, ikasimama kwenye 7B. Fundi anayekuja anarudisha AHCI, anafomati, anasakinisha, na anaamini kilichoponya ni kufomati.

Nilirudisha AHCI kwenye mashine ya kwanza bila kuchomeka flashi yoyote. Ikaanza. Kila faili lilikuwepo. Mwalimu alisogeza kiti akaanza kufungua folda moja moja, na kwa muda hatukuongea. Betri moja ilikuwa na bei ndogo kuliko nauli yangu ya kufika pale. Tulizibadilisha zote, na ndani ya kila kasha nikabandika karatasi yenye tarehe ya betri na neno AHCI. Mpaka sasa nafanya hivyo kwa kila mashine ninayoifungua, na nimewaomba wenzangu wafanye hivyo, kwa sababu fundi wa kesho hatakuwa na kumbukumbu zangu.

Baada ya hapo nilikaa chini nikajifunza vizuri mashine inavyoanza, na naomba nieleze kidogo kwa sababu hapa ndipo msingi ulipo. Ni kama mbio za kupokezana kijiti. Ukibonyeza kitufe, programu iliyo kwenye ubao mama inakagua kumbukumbu, kibodi na diski. Kisha inafuata orodha yake ya vifaa vya kuanzia. Kwenye BIOS, mpangilio uliotokana na kompyuta ya IBM ya 1981, inasoma baiti 512 za mwanzo za kifaa na kutafuta alama inayosema hapa kuna cha kuanzisha. Kwenye UEFI, ambayo ilienea sana Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, haitegemei baiti hizo. Inatafuta sehemu iliyofomatiwa kwa FAT, inaingia folda ya EFI, kisha BOOT, na humo inataka faili liitwalo BOOTX64.EFI. Likipatikana, kijiti kinapita kwa kianzishi, kutoka kwa kianzishi kwenda kwa kiini cha mfumo, kisha kiini kinapakia draiva zake na kuitafuta flashi kwa mara ya pili, safari hii kwa macho yake mwenyewe.

Hiyo mara ya pili ndiyo mafundi wengi hawaijui. Flashi inaweza kuonwa na BIOS na isionwe na kisakinishi. Laptopu zilipoanza kuja na matundu ya USB ya bluu, nilikutana sana na Windows 7 inayoanza vizuri, inaonyesha dirisha la kuchagua lugha, halafu inadai draiva ya CD wakati hakuna CD popote. Watu wanatupa flashi, wananunua nyingine, yale yale. Sababu ni kwamba Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila draiva ya USB 3.0. Hamishia flashi kwenye tundu jeusi, la USB 2.0, na kazi inaendelea. Kwenye mashine za Intel zilizotoka kuanzia 2015 hata hilo halikusaidia: kisakinishi kilipoanza, kibodi na kipanya vilikufa navyo, na ilibidi draiva iongezwe ndani ya flashi kabla.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mtu yeyote anayenipigia simu ni moja: inaandika nini? "Haiwaki" haitoshi. Ikisema hakuna kifaa cha kuanzia, kijiti hakijatoka kwenye ubao mama: ama orodha ina diski mbele ya flashi, ama flashi haikuandikwa vizuri, ama tundu ni bovu. Ikisema prosesa haina uwezo unaohitajika, flashi ni nzima na kianzishi kimefanya kazi yake, ila umeleta mfumo wa biti 64 kwa mashine ya biti 32. Ikianza halafu isione diski ya ndani ya kusakinishia, kagua tena mpangilio wa RAID na AHCI. Kioo cheusi chenye kistari kinachopepesa peke yake ni kigumu zaidi, lakini hata hicho kinasema BIOS imesoma kitu na imekabidhi mahali pasipo na mtu.

Flashi zenyewe zimenipa kazi kuliko kompyuta. Madukani kuna flashi nyingi za bandia: ganda linasema gigabaiti 64 na kompyuta inasema 64, lakini ndani kuna 8, na ukipita hapo data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani au inapotea bila taarifa. Ukiweka picha na nyimbo chache hugundui. Ukiandika mfumo endeshi, usakinishaji unafika asilimia fulani na kusema faili halisomeki, na fundi anailaumu diski ya mteja. Ipo programu ndogo iitwayo H2testw, na kwenye Linux iko f3, zinazojaza flashi yote kisha kuisoma tena. Inachukua muda, iache ifanye kazi usiku kama umeme upo. Mimi sianzi safari na flashi ambayo haijapita kipimo hicho.

Halafu kuna suala la kunakili. Vijana wengi hupakua faili la ISO, wanaliburuta hadi kwenye flashi, wanachomeka, na mashine inasema hakuna cha kuanzia. Inasema kweli. ISO likikaa kama faili ndani ya flashi ni mzigo tu, linatakiwa kuandikwa na programu kama Rufus, au, kwa ISO za Linux, balenaEtcher au amri ya dd, ili zile baiti za mwanzo na folda ya EFI zikae mahali pake. Ukishaandika, fungua flashi kwenye kompyuta nyingine utazame. Kama hakuna folda ya EFI, mashine inayotumia UEFI peke yake haitaiona hata ukiiomba mpaka kesho. Na kwa Windows za siku hizi kuna kikwazo kingine: faili la install.wim mara nyingi linazidi gigabaiti 4, na FAT32 haipokei faili la ukubwa huo. Rufus inalitatua yenyewe. Anayenakili kwa mkono anakwama hapo.

Ventoy, iliyotoka 2020, imenirahisishia maisha, maana unaweka ISO nyingi kwenye flashi moja na kuchagua wakati wa kuwasha. Naipenda. Hata hivyo baadhi ya mashine kuukuu huikataa, kwa hiyo begini huwa nina flashi ya pili iliyoandikwa ISO moja tu kwa njia ya kawaida.

Upakuaji nao hudanganya. Kwenye intaneti ya simu yenye kukatikakatika, faili linaweza kufika na jina lake kamili huku ndani lina pengo. Tovuti za mifumo endeshi huchapisha alama ya SHA256 ya kila ISO, na Windows ina amri ya certutil ya kuikokotoa upande wako. Herufi zikilingana zote, faili ni zima. Dakika chache hizo ukiwa bado mjini, penye mtandao, zinakuokoa usigundue ubovu ukiwa kata ya mpakani mwa Burundi. Hadi mwaka 2011 Canonical walituma CD za Ubuntu bure kwa posta dunia nzima, na CD moja ilitosha mfumo wote. Wakati huo tatizo hili halikuwa kubwa hivi.

Mashine kuukuu nazo zina haki ya kuishi. Pentium 4 nyingi huiona flashi kana kwamba ni diski ya ndani, kwa hiyo haionekani kwenye orodha kuu ya kuanzia. Ni lazima uichomeke kabla ya kuwasha, uingie BIOS, ufungue orodha ya diski, na uipandishe juu humo. Matundu ya nyuma ni ya kuaminika kuliko ya mbele, ambayo nyaya zake zimechakaa. Kwa biti 32, Ubuntu waliacha kutoa ISO ya kompyuta za mezani mwaka 2017. Debian waliendelea hadi toleo la 12, na toleo la 13 la mwaka 2025 halina tena kisakinishi chake. Kwa maabara yenye mashine hizo, Debian 12 ndiyo kimbilio.

Kisa cha pili ninachotaka kukitaja kinahusu zahanati moja wilayani Ngara. Mganga mfawidhi alikuwa na laptopu yenye Windows 7 iliyovurugika baada ya umeme kukatika. Kijana mmoja alikuwa ameanza kuisaidia kabla yangu, akakwama mahali ambapo kisakinishi cha Windows 10 kilisema hakiwezi kutumia diski kwa sababu jedwali la sehemu zake ni la mtindo wa MBR, na kwamba kwenye mfumo wa EFI inatakiwa GPT. Alikuwa amesoma mahali kwamba dawa ni kufuta sehemu zote za diski. Kwa bahati alimuuliza kwanza mwenye mashine.

"Fundi," mganga akaniambia, "ripoti zangu zote ziko humu. Ukizifuta, nitaanza kuzijumlisha upya kutoka vitabu vya takwimu za afya vya MTUHA, na wagonjwa watanisubiri nje."

Diski ile haikuwa na kosa lolote. Laptopu nyingi za kipindi hicho zinajua njia zote mbili za kuanza, na flashi hiyo hiyo moja huonekana mara mbili kwenye menyu: mara moja ikiwa na neno UEFI mbele yake, mara nyingine bila. Yule kijana alichagua ile yenye UEFI. Tulichagua nyingine. Lakini kabla ya hapo nilianzisha laptopu kwa flashi ya Linux, bila kusakinisha chochote, nikafungua diski ya mganga kama mtu anavyofungua folda yoyote, na tukanakili ripoti zote kwenye diski ya nje. Kisha tukasakinisha kwenye sehemu ya C peke yake. Kwa anayetaka kuhama kutoka MBR kwenda GPT bila kupoteza kitu, tangu 2017 Windows 10 ina zana yake iitwayo mbr2gpt. Kufuta kila kitu hakukuhitajika kwa njia yoyote.

Uwezo huo wa flashi ya Linux, kuiamsha mashine bila kuigusa diski, ndio nauona kuwa kitu cha thamani kuliko vyote begini mwangu. Unakuambia kama mashine yenyewe ni nzima. Unakuonyesha kama diski inasomeka. Na unatoa mali ya mtu nje kabla hujainua bisibisi.

Nayasema haya sasa kwa sababu wimbi la kufomati limekwishatufikia. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Kompyuta nyingi za mtumba zilizoko kwenye shule na ofisi zetu hazifiki huko. Wapo watakaozibadilisha kwa Linux, na naunga mkono, maana zina miaka mbele yake. Wapo watakaolazimisha Windows 11 kwa njia za mkato. Kila mmoja wao atachomeka flashi, atakutana na kipengele cha Secure Boot kinachokataa kianzishi kisicho na saini, atakutana na ujumbe wa MBR na GPT, na vidole vitakimbilia kitufe cha kufuta.

Kwa wakuu wa shule, waganga wafawidhi na maafisa TEHAMA wa halmashauri zetu mbili, ombi langu ni hili. Tengeni diski moja ya nje kwa ajili ya nakala, na ikae kabatini chini ya ufunguo. Nunueni betri za CR2032 pamoja na karatasi na wino. Wafundisheni walimu kupiga picha kwa simu maandishi yanayotokea kwenye kioo kabla hawajamwita mtu. Na siku fundi akifika na kusema dawa ni kufomati, mtakeni awaonyeshe kwanza mafaili yenu yakifunguka kwenye diski nyingine. Akishindwa kuwaonyesha, msimpe mashine.